Hotuba ya Kufungua Jumba la Mamba wa Kale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao, na makaimu wa makaimu. Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo. Mafundi cherehani wenzake mliotupisha kwenye banda hili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa viti vya mbele.)

Ndugu wananchi, mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hata ya idara yangu kuanzishwa, mamba hakuwa huyu wa kulala kwenye matope akisubiri mbuzi. Alikuwa na ndugu waliotembea kwa miguu miwili, wengine walikula majani, wengine walihamia baharini wakaota mapezi, wengine wakubwa kama basi la abiria. Nami nilipoyasikia hayo kwenye semina elekezi nikasema haiwezekani, viumbe wazito kiasi hiki wametowekaje bila kuagwa rasmi? (Kicheko. Afisa itifaki anaashiria makofi.)

Ndipo ofisi yangu, kupitia mpango mkakati shirikishi wa kidijitali, ikaunda timu, ikaunda kamati ya kuisimamia timu, ikafanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, na mimi mwenyewe nikajitolea kusafiri ng'ambo kuiona mifupa ana kwa ana. Tulikuta makumbusho yao yamefungwa, kumbe Jumatatu hayafunguliwi, lakini tulipiga picha nzuri sana na mlango. (Makofi hafifu.) Hadi sasa utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nane, na hizo nane za ziada ni jitihada zangu binafsi!

(Mama mkwe anasimama: “Baba, tangu mtutoe humu tunashonea juani, mvua ikija tunalowa na vitambaa vya watu. Wateja wametukimbia. Hao mamba wenyewe wako wapi?”)

Swali zuri, mama, nalipokea kwa heshima zote. Mamba hawa wametoweka. Kutoonekana ndiyo sifa yao kuu ya kitaalamu! (Kicheko kirefu. Mama mkwe hacheki.)

(“Nauliza mifupa.”)

Mifupa iko kwenye paipulaini, mama.

(“Bomba lipi hilo? Tukalifungue.” Mafundi: “Twende!” Mheshimiwa anajifuta jasho kwa karatasi za hotuba.)

Ndugu wananchi, tuitikie kaulimbiu yetu. Mamba wa kale! Mnatakiwa kujibu, “Maendeleo ya leo!” Mamba wa kale! (Mafundi: “Banda letu!”) Mama, usiniangalie hivyo, tafadhali.

Kwa kumalizia, namshukuru mchoraji wa kibao cha nje, maana ndicho mradi wote. Naishukuru kamati, ambayo nasikia imefahamiana leo hapa kwenye viti. Nawashukuru mafundi kwa uvumilivu: mifupa haikuagizwa, jumba halijawahi kuwepo, hili ni banda lenu lililopakwa rangi, rudisheni vyerehani vyenu. (Vigelegele.) Na wewe mama, ahsante sana, ila nakuomba, hili binti yako asilisikie.

(“Ameshasikia, baba. Si huyo amekaa nyuma yako?”)

Basi... naye pia namshukuru.