Bastola ya Shangazi Hester

Jumanne, 3 Septemba 1996

Wakili kasoma wosia. Binamu yangu Wendell kapata malisho yote, ekari arobaini, na kisima pia. Mimi, Orville Tackett, nimepata boksi la viatu. Boksi! Mimi niliyemkatia shangazi Hester majani kila Jumamosi miaka sita! (Alinilipa, lakini si sana.)

Ndani ya boksi: bastola kuukuu ya silinda, imeviringishwa kwenye fulana. Kahawia tupu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Mke wangu Maxine kauliza kama nimetazama risasi. Nikasema bila shaka. Alipotoka, nikatazama. Hakuna risasi. Kuna mende, marehemu.

Wendell kanivuta pembeni. Anajua paa letu linavuja. Yuko tayari kunipa pikapu lake tubadilishane na bastola, nikaliuze. Uso umemjaa huruma. Nimekataa papo hapo. Nani hutoa pikapu kwa huruma? Hii bastola ni mali.

Jumatano, 4 Septemba

Maktaba ya mji. Nimepata kitabu cha silaha za kale. Nikaiweka bastola mezani, kando ya picha, nilinganishe. Kosa dogo. Mkutubi kapiga yowe. Wazee wawili wakalala sakafuni, mmoja bila kuliachia gazeti lake. Naibu wa sherifu kaja, kaifungua silinda, kaona iko tupu, kanikaripia mbele za watu. Kisha kaninong'oneza: naiuza bei gani? Dalili njema!

Kabla ya kufukuzwa nilisoma haya: mtutu wa inchi saba na nusu, herufi U.S. ubavuni, namba ileile katika kila kipande. Yaani ni ya jeshi, ya askari wapanda farasi. Ukurasa wa bei sikuufikia.

Alhamisi, 5 Septemba

Kwa Harlan, muuza bunduki. Kaigeuzageuza, kapiga mluzi. Anasema Jumamosi kuna maonyesho ya silaha kwenye uwanja wa tamasha, na Bi Ottilie Kranz, mthamini, atakuwepo. Halafu kanishika bega.

“Orville, nisikilize. Usiisafishe. Usiifute hata vumbi. Hiyo mikono yako itie mfukoni.”

Wivu huo! Anataka niipeleke chafu ili ainunue kwa bei ya uchafu. Nani huuza gari bila kuliosha? Nikamwomba msasa. Kakataa kuniuzia. Nimeununua duka la jirani, pamoja na brashi ya waya na dawa ya kung'arishia bampa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimesugua kutwa. Inang'aa kama kijiko cha harusi! Kwenye mbao za mpini kulikuwa na vijiherufi ndani ya kijisanduku, kama mtoto kachezea pini. Maxine kasema huenda vina maana. Nikamwambia mikwaruzo haina maana. Nimesugua, vimeisha.

Kisha wazo kubwa. Bastola isiyo na historia ni chuma tu! Nikachukua msumari nikachonga L.P. mahali palepale. Luther Pickrell, mwizi wa treni. Babu alidai jambazi huyo aliwahi kulala zizini kwao. Msumari uliteleza, P ikaota mguu. Si kitu. Nani anajua mwizi aliandika vipi?

Jumamosi, 7 Septemba

Bi Kranz ni kibibi cha miaka themanini, miwani miwili. Wendell naye kaja, soseji mkononi. Nimemkaribisha ashuhudie.

Bi Kranz kaisoma namba, kafungua daftari lake, katabasamu. Anasema ni ya shehena iliyopelekwa jeshini zaidi ya miaka mia iliyopita. Maishani mwake kashika tatu tu za kundi hilo. Moyo wangu! Paa jipya! Bafu jipya! Wendell atapiga hodi kwa adabu!

Akaugeuza mpini.

“Bwana Tackett, mhuri wa mkaguzi wa jeshi uko wapi? Herufi ndogo, ndani ya kisanduku.”

Nikauliza herufi za namna gani.

“Na huyu L.R. ni nani?”

Nikasema Luther Pickrell. Kasema Pickrell haianzi na R. Kavua miwani yote miwili. Kasema hajapata kuona bastola iliyosuguliwa namna hii tangu azaliwe.

Kwa hesabu yake, jana asubuhi ilikuwa dola elfu kumi na mbili. Leo ni mia saba. Mia nane, nikimpata mnunuzi asiyeona vizuri.

Wendell kaacha kutafuna. Hakucheka. Afadhali angecheka!

Maxine kaendesha yeye kurudi nyumbani. Tulipofika kazima injini, kaniangalia. “Orville, mume wangu. Ndani ya nyumba usiguse kitu.” Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nimeketi barazani mpaka chakula kikapoa.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetafakari wakati wote wa mahubiri. Kosa nimelipata: nimeingia kwenye biashara ya bastola wakati kipaji changu ni kusugua! Hajapata kuona tangu azaliwe. Kasema mwenyewe, mtaalamu! Mashahidi wapo!

Nimebandika tangazo mlangoni pa kanisa: ORVILLE TACKETT. URITHI WAKO UTANG'AA KAMA ULIOTOKA DUKANI. Maxine hajalisoma bado.

Kabla ya chakula cha mchana nimepata mteja. Mjane Fern Dolan kaleta fidla ya babu wa babu yake, iliyovuka bahari toka Italia. Inasikitisha! Imefubaa, rangi imepauka, na ndani mna kijikaratasi kichafu chenye jina la fundi fulani wa kigeni na mwaka wa zamani. Kijikaratasi nimeshakibandua.