Wakili wa Sauti ya Nne

Protase hakuwahi kusoma sheria, ila aliwahi kushtakiwa mara tatu, na kwa mtazamo wake huo ulikuwa uzoefu wa kutosha.

Siku hiyo alikuwa mgahawani Muleba mjini, anakula ndizi kwa maharage, ndipo Ma Evodia, fundi cherehani, akaingia hoi na kuanza kumlalamikia mwenye mgahawa.

"Mara tatu Bukoba, waitu! Wakili yuko mahakamani. Wakili kasafiri. Juzi nimeambiwa niache namba ya simu. Na shemeji yangu Kashaija keshang'oa omulamula wetu, mti wa mpaka, kaupanda hatua ishirini ndani ya kibanja changu. Kaburi la mume wangu sasa liko kwake!"

Protase alimeza tonge bila kutafuna. Mji mzima hauna wakili, na yeye yupo tu!

"Mama, umempata. Wakili Protase, Mahakama Kuu."

Kwamba huko alisimama kizimbani, hakuulizwa.

Ma Evodia alimtazama, kisha akamwaga kesi yote: mpaka, mashahidi, kahawa iliyovunwa, mbuzi wa shemeji anavyomaliza maharage yake. Protase aliitikia kwa kichwa kila baada ya tonge, akasikia neno moja katika kumi.

"Na malipo, mama?"

"Ukishinda, pale mpakani pamefungwa beberu mnene. Mfungue uende naye."

Jumamosi akatokea kibanjani na joho jeusi la binamu yake, mwanakwaya wa Nyanga. Majirani wamejaa, mtendaji wa kijiji yupo na muhuri wake. Kashaija alipoliona joho, jembe likamponyoka.

Protase akafungua jalada. Ndani mlikuwa na kipeperushi cha mnyauko wa migomba alichookota Maruku. Akakisoma kwa ghadhabu:

"Ukiona dalili, ng'oa mara moja! Choma! Zika!"

"Nizike nani?" Kashaija aliuliza, jasho likimtoka.

"Inaelezwa ukurasa wa pili. Niendelee?"

"Usiendelee, wakili! Nang'oa!"

Akaurudisha omulamula mahali pake mbele ya watu wote. Mtendaji akaandika, Kashaija akatia dole gumba, muhuri ukagongwa. Ma Evodia akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Protase naye akamfungua beberu, akashika njia, joho likipepea. Hajafika mbali akasikia:

"Wakili au si wakili, mbuzi wangu huyo! Mwizi!"

Alipogeuka, Kashaija anakuja na jembe, mtendaji nyuma yake. Ma Evodia alikuwa hapo kando, shambani.

"Mama, waambie!"

"Niwaambie nini? Kwamba mbuzi ni wa shemeji? Nilikueleza mgahawani, ukawa unakula."

"Lakini mimi wakili wako!"

"Wakili gani haulizi malipo kwanza ndipo asikilize? Wewe uliuliza mwisho. Na hilo joho nimelishona mwenyewe, mwanangu. La kwaya, sauti ya nne. Kola yake ilinisumbua wiki nzima."

Beberu akajilaza katikati ya njia, akagoma. Jembe linakaribia.

"Sasa nifanyeje, mama?"

Ma Evodia akainama kupalilia maharage yake.

"Tafuta wakili," alisema. "Wako Bukoba. Uache na namba ya simu."