Mabega ya Urefu Mmoja

Jumatatu, 5 Julai 1976

Dakta amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina watoto wa kiume. Si swali zuri likitoka kinywani mwa dakta. Nimemjibu kwamba nina binti mmoja, Tryphena, na wanafunzi wa miaka thelathini ya ualimu. Akasema nisipande mlima tena. Nimemwambia nitaupanda mara moja tu, na si kwa miguu yangu.

Hapo ndipo penye shida. Nitazikwa kwetu, juu mlimani Sagalla, kando ya marehemu mke wangu, na gari haliwezi kufika. Mwisho wa barabara, jeneza hubebwa mabegani. Nani atanibeba? Jirani yangu hapa Kaloleni, Silvanus, stesheni masta mstaafu, ana wana sita. Jana baada ya ibada alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema nisiwe na wasiwasi, wanawe wapo. Sita kamili! Huwataja kama mabehewa. Kisha atasimama kaburini awaeleze watu jinsi alivyonisaidia. Siwezi kulala kimya chini ya hotuba ya Silvanus. Tangu tukiwa darasa moja ananipiku kwa kunihurumia.

Tena nimeona mazishi ya mzee Zephaniah. Mbebaji mmoja mrefu, mwenziwe mfupi. Jeneza likainama, likateleza, likaenda kusimama katika mihogo ya watu. Mchungaji akaanza sala upya.

Jumatano, 7 Julai

Nimepata! Timu ya mpira!

Pale stesheni, karibu na ghala la mizigo, hushinda vijana waliokosa karo au waliofeli mtihani wa darasa la saba. Kazi yao ni kungoja treni ije ili waitazame ikienda. Hakuna anayewataka. Mimi nawataka, mabega hasa.

Nimewapima wote kwa bakora yangu. Alikuja mpiga chenga hodari, mfupi. Nikamkataa kwa masikitiko. Akaja Mwandawiro, ambaye hajui mpira unapigwa na upande gani wa mguu, lakini ana mabega kama mlango wa kanisa. Yeye ni golikipa. Kapteni ni Ndeti, kijana wa Kikamba, wazazi wake walihamia hapa kutoka Kitui. Kumi na mmoja: sita wa kubeba, watano wa kupokezana. Aliyepanga idadi ya wachezaji wa mpira alikuwa na mlima akilini.

Silvanus amepita akauliza mbona wote wana urefu mmoja kama nguzo za ua. Nimemwambia ni mbinu ya kisasa.

Jumamosi, 10 Julai

Mazoezi ya kwanza, mlimani. Nimewapa benchi la kanisa na gunia la mawe, walibebe sita sita mpaka kwenye mwamba wa kwanza, kwa hatua za pamoja, polepole, bila kuinama. Mimi nimebaki chini na kipenga.

Ndeti ameuliza kwa nini gunia lazima lilazwe kwa urefu, na kwa nini liwe na kilo zangu. Nimesema ni kwa ajili ya mapafu. Mwandawiro akashauri, “Mwalimu, si ulale wewe mwenyewe? Mawe hayasemi yakiumia.” Wazo zuri kuliko anavyojua! Nimekataa kwa ukali ili asinishuku.

Jioni nimewafundisha hesabu na Kiingereza barazani kwangu. Si kwa wema. Kijana asiye na kazi jioni hurukia treni ya Mombasa, na mimi nitabaki na wabebaji watano. Nimewafundisha pia wimbo wa timu. Ni wimbo wa mazishi, lakini nimeuongezea makofi.

Jumapili, 18 Julai

Jana tulicheza na timu ya Silvanus, wanawe na marafiki zao. Tumefungwa tano bila. Vijana waliingia uwanjani kwa mwendo wa pamoja, wakiimba, na wanawake wawili wakavua vilemba kwa heshima.

Hata hivyo, dakika za mwisho wana wa Silvanus walikuwa wameshika magoti, ndimi nje. Wangu walikuwa wakikimbia kama ndiyo kwanza wameamka. Mlima huo! Silvanus alicheka akasema vijana wangu wanafaa sana kwa kutembea. Nilicheka pia. Hajui ni kwa kutembea kuelekea wapi.

Alhamisi, 22 Julai

Balaa. Mgeni mmoja kutoka Mombasa, mtafuta wachezaji wa timu ya kampuni, aliwaona siku ile ya mechi. Amesema mabao hufundishika, pumzi haifundishiki. Atarudi tarehe 31 kwenye mechi ya marudiano, na atakaowapenda atawapa kazi bandarini. Anataka wanaojua kusoma na hesabu. Wangu wanajua! Nimewafundisha mimi, mpumbavu!

Juu ya hayo, Mwandawiro ameitwa chuo cha ufundi kujifunza useremala. Alikuja mbio kunishukuru. Nilimpa mkono huku nikimhesabu: kumi.

Tryphena ameniuliza kwa nini nina uso wa msiba na vijana wameanza kufanikiwa. Nimesema ni moyo. Haukuwa uongo.

Ijumaa, 30 Julai

Nakiri hapa, kwa kuwa siku zangu ni chache na daftari halisemi. Nimemwomba Tryphena apike sufuria kubwa ya kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kizito cha kumlaza fahali. Vijana watakula kesho saa sita, kabla ya mechi. Wakila hicho hawatakimbia. Wasipokimbia hawatachukuliwa. Wasipochukuliwa watanibeba.

Naona aibu kidogo. Si ya kutosha.

Jumapili, 1 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, lakini lazima niandike.

Jana kimanga kiliisha chote, nikafurahi. Kisha nikaona kila mmoja ameweka chake ndani ya jani la mgomba, mfukoni, begani, chini ya fulana. Hakuna aliyekula. Wamepeleka nyumbani kwa wadogo zao. Ndeti akaniambia kwa heshima kwamba kwao jiko halikuwashwa tangu juzi, na kwamba mama yake ananiombea. Ananiombea! Nilikaa kwenye benchi nikatazama viatu vyangu.

Kwa hiyo walicheza wakiwa wepesi kama manyoya. Tulikuwa bao moja kwa bao moja mpaka dakika ya themanini, ndipo wana wa Silvanus wakaanza kushika magoti. Ndeti akapata mpira. Nikasahau kila kitu. Nikasahau jeneza, nikasahau dakta, nikakimbia kando ya mstari nikipiga kelele, “Piga, mwanangu! Piga!” Akapiga. Ukaingia. Nami nikaanguka.

Nilipofumbua jicho moja nilikuwa juu ya benchi, hewani. Vijana sita. Ndeti akiita hatua, kushoto, kulia. Sikutikisika! Ungeweka kikombe cha chai kifuani pangu kisingemwaga tone. Nilikuwa karibu kuwapa alama kumi kwa kumi, ndipo Mwandawiro, kwa mazoea, akauanzisha wimbo wa timu, na wenzake wakaupokea. Tryphena akalia kwa sauti ya juu. Watu wakavua kofia. Silvanus alikuwa akitembea kando yangu, kofia kifuani, machozi yanamtiririka, akisema, “Fanuel, ndugu yangu, umeniachia nani wa kubishana naye?” Ilinibidi niketi niwaambie bado nipo. Mwanamke mmoja alizirai.

Jioni vijana walikuja kunitazama. Nikaona sina budi, nikawaambia yote: bakora, mawe, wimbo, hata kimanga. Kisha Ndeti akasema walijua tangu siku ya benchi. Mama yake alimwuliza ni mpira gani unaobebwa umelala chali. Nikawauliza kwa nini waliendelea kuja. Mwandawiro akasema hajawahi kupimwa na mtu akaambiwa anafaa.

Nilijifanya vumbi limeingia jichoni. Asante, Mungu. Nilitafuta mabega, ukanipa watoto.

Mgeni amewachukua saba. Ndeti amesema nikifa wapigiwe simu ya maandishi, watapanda treni ya usiku, ila nijitahidi isiwe Jumamosi kwa sababu ya mechi. Mwandawiro atatengeneza jeneza yeye mwenyewe, bure, akishajifunza kona.

Ijumaa, 13 Agosti

Tumewasindikiza stesheni leo. Safari hii treni ilipoondoka walikuwa ndani. Wakaniimbia wimbo wa timu kutoka madirishani, na abiria wengine wakafanya ishara ya msalaba. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo dakta hajui jina lake.

Silvanus alinishika mkono njiani. Akasema sasa kwa kuwa vijana wameenda, wanawe bado wapo, na si kwa sifa, ni kwa upendo. Namjua, alikuwa akisema kweli. Ingekuwa rahisi kumwambia asante. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Ndipo nikamwona Ndunge, dada yake Ndeti, akipanda kutoka mtoni na wenzake watano, kila mmoja na debe la maji kichwani. Urefu mmoja! Hatua moja! Tone halikumwagika! Wanawake hawajawahi kubeba jeneza huku kwetu, na Mchungaji atapinga, lakini nitakuwa nimekwisha kufa, atabishana na nani?

Nimewasimamisha. Nimewaambia naanzisha timu ya netiboli, kwa ajili ya afya na maendeleo ya wasichana tu, basi. Ndunge akatua debe, akasimama wima kando ya bakora yangu. Akasema nimpime, hana neno, ila wataanza na hesabu kabla ya lile benchi.

Nimemwuliza, benchi gani?