Endamurgu Yaibwaga Uholanzi kwa Hewa Safi

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Endamurgu, Makamu wako, Katibu wa Makamu wako, waheshimiwa viongozi wa dini, wageni wetu wa kutoka Mbulu na Haydom, wafanyabiashara wa Katesh mkiongozwa na Alhaji Zubery, akina mama wa vitunguu, akina baba mlioacha ng'ombe malishoni kwa kuwa mliahidiwa pilau, na wazee wetu, shikamooni. (Marahaba.) Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajue amezingatiwa kipekee.

Mimi Modest Hermani, Mratibu Mwandamizi wa Mradi wa Pampu ya Umeme ya Umwagiliaji, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wanaonifahamu wanasema hauna mfano Hanang nzima. Kama mjuavyo, nilikwenda Uholanzi siku kumi na moja kulinganisha gesi joto zinazotokana na umeme wa kilimo kati ya nchi ile na yetu. Ndugu zangu, wale watu wanawasha taa kwenye nyumba za vioo ili nyanya zisilale! (Kicheko.) Ng'ombe wanakamuliwa na mashine. (Akina baba wanaguna.) Umeme huo una chanzo, chanzo kina moshi, na takwimu yao ilikuwa ndefu hata haikuenea kwenye slaidi.

Kwa upande wa Tanzania, ikiwakilishwa na Endamurgu, timu yangu ilifanya tathmini shirikishi katika mashamba yote, masika na kiangazi, na kwa mujibu wa data zetu hewa ukaa inayotokana na umeme wa kilimo ni sifuri nukta sifuri sifuri. (Makofi.) Hatukushinda kwa bahati. Tumeshinda kwa mkakati, na mkakati niliusimamia mimi.

(Mama Judica anasimama, anaamkia, anauliza maji ya pampu yatafika lini, maana aliamini ahadi akapanda vitunguu ekari nzima, navyo vinanyauka, na punda wake wawili wanaobeba maji kutoka kijiji cha Gehandu wamechoka. "Mheshimiwa, visiponyweshwa wiki hii, sina mavuno.")

Nakushukuru, mama yangu, kwa swali la kimkakati. Nakuhurumia kwa dhati, kwani hata mimi vitunguu navipenda. Lakini tukiwasha pampu leo, sifuri yetu itakwenda wapi, na Uholanzi wanatuvizia? Punda wako, mama, hana waya, hana mita, hakatiki. (Kicheko. Mama Judica hacheki.) Hata hivyo naahidi kuunda kikosi kazi kitakachofanya upembuzi yakinifu wa unyaukaji, na ripoti mtaipata kabla ya mavuno ya mwakani.

Hewa safi! (Shamba kavu!) Nilitarajia mwitikio mwingine, lakini nimeupokea. Hewa safi! (Shamba kavu!)

Kwa kumalizia, niwashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Mzee Bura, mlinzi wetu wa pampu kwa miaka minne, jua na mvua. Asubuhi nilimwamkia nikamuuliza kama kuna hata parafujo moja iliyoibiwa. Akanijibu kwa uaminifu wa wazee wetu: "Hakuna, mwanangu. Tangu mniajiri nalinda bango la mradi tu." Tumpigie makofi.

(Mama Judica anamgeukia Mzee Bura: "Shikamoo, baba. Hilo bango si ni la bati? Tulikunje tupate hori, mradi unyweshe hata punda." Makofi marefu. Mheshimiwa anainama kushukuru.)