Idara ya Kuondoa Vishawishi vya Wizi Madukani

Jumatatu, saa tatu kamili za asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, wananchi walitangaziwa kwamba wizi wa madukani umefika mwisho. Wataalamu wa Idara ya Kuondoa Vishawishi walikuwa wamefanya utafiti kwa miezi minane, na matokeo hayakuacha shaka: asilimia mia moja ya vitu vilivyoibwa dukani, wezi walivikuta dukani.

Dawa yake basi ilikuwa nyepesi. Vitu vitolewe.

Mama Sufuria aliyasikia hayo akiwa anapanga mali yake, ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa zaidi, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na mitatu tangu marehemu mumewe amwachie duka lile la mlango mmoja. Aliwahi kuibiwa kweli, birika mbili na chujio la chai. Akasema moyoni, afadhali hawa wamekaa wakafikiri.

Mkokoteni ukaja. Sufuria, vikaango, miiko, mpaka kamba iliyotundikiwa miiko, vyote vikaenda Ghala la Usalama nyuma ya ofisi za Idara. Mama Sufuria akabaki na rafu na karatasi zilizobandikwa: "Hapa pana sufuria namba sita." Mteja akisoma akaridhika, anajaza fomu nakala tatu, kisha anasubiri siku kumi na nne.

"Nataka sufuria ya kupikia leo mchana," alisema mteja wa kwanza.

"Leo utajaza fomu, mwanangu."

"Nijaze fomu, watoto wale fomu?" Akaenda zake, na waliomfuata nao hivyo hivyo.

Mpango ulifaulu kupita matarajio. Wiki tatu nzima hakuna aliyeibiwa hata kijiko. Mwizi mmoja aliingia, akasoma karatasi zote kuanzia juu mpaka chini, akasema "Pole, mama," akatoka.

Ndipo barua ikaja. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, duka lisilouza kitu kwa siku thelathini si duka tena, ni chumba. Na chumba kitupu ni cha Idara. Siku ya ishirini na nane Mkurugenzi mwenyewe alifika, akafungua dirisha, akalifunga, akasema panaingia hewa nzuri. Mama Sufuria alisimama kwenye kona akiangalia rafu alizopigilia mumewe, kila moja na misumari minne. Hakuwa na pengine pa kwenda wala kazi nyingine aliyoijua.

Siku ya ishirini na tisa vyombo vya Mkurugenzi vikaingizwa: meza nyekundu yenye droo sita, kiti cha kuzunguka, feni na kabati la mafaili.

"Si mpaka kesho jioni, baba?" aliuliza Mama Sufuria.

"Ni kesho, mama. Ila mimi sipendi kukurupuka." Akaenda kula.

Saa nane akaingia Mkaguzi wa Vishawishi, mtu mwadilifu ambaye hajawahi kucheka akiwa kazini.

"Mama, hivi ni nini?"

"Ni vya Mkurugenzi."

"Sikuuliza ni vya nani. Nauliza viko wapi."

"Viko dukani."

"Basi ni bidhaa." Akaandika: mali ya Duka la Mama Sufuria. Akaita mkokoteni.

Mama Sufuria angeweza kubisha. Aliushika mlango usijifunge, meza ipite bila kukwaruzika.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi alikuwa ghalani, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mzee," alisema karani. "Namba ya duka unakonunua?"

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Najua, mzee. Ila kwenye fomu wewe ni mteja."

"Navitaka leo."

"Maombi ya dharura huidhinishwa na Mkurugenzi, akiwa ameketi mezani kwake."

"Meza si imo humo ndani?"

"Imo, mzee. Iko salama kabisa."

Akajaza, nakala tatu. Mama Sufuria aliitwa, akatia sahihi penye muuzaji, saa tano asubuhi ya siku ya thelathini. Duka likabaki duka.

Siku nne Mkurugenzi aliongoza vikao amesimama. Siku ya tano, karatasi akiiegemeza ukutani, aliandika waraka. Utafiti mpya ulikuwa umebaini kwamba bidhaa hukaa vizuri zaidi dukani. Ghala lifunguliwe, fomu zote zifutwe, kila kitu kirudishwe kilikotoka.

Alasiri ile sufuria zilirudi zikigongana mtaa mzima. Mama Sufuria alizifuta vumbi moja moja. Mkokoteni wa mwisho ukaleta meza nyekundu, kiti, feni na kabati, maana daftari la ghala lilionyesha ndiko vilikotoka.

Mkurugenzi akafika anahema.

"Mama, hiyo meza yangu. Nilishajaza fomu."

"Fomu zimefutwa, baba. Si umezifuta mwenyewe?"

Fundi cherehani wa duka la pili alikuwa ameshainama, anaipima meza kwa utepe wake, upana kisha urefu.

"Huyu amekutangulia," alisema Mama Sufuria. "Ngoja nimsikilize kwanza. Wewe simama hapo nyuma yake."