Landilodi wa Terabaiti Nne

Jumatatu, 3 Juni
Ijulikane kwa vizazi vyote kwamba leo mimi, Fahim wa Kabiria, mchapaji wa kadi za harusi, nimenunua diski ya nje. Laptopu yangu imeanza kukohoa, nayo ndiyo imebeba video ya harusi yetu, ambamo marehemu nyanya ya mke wangu anapiga vigelegele. Video yenyewe ni hiyo moja tu. Mke wangu, Mahira, aliomba diski ya terabaiti moja. Moja! Clifford, muuza filamu mlango wa pili kutoka duka langu pale Adams, ana ya terabaiti tatu. Nikachukua nne.

Jumanne, 4 Juni
Nafasi yote hiyo, mtu mmoja? Nimeipangisha! Selpher wa saluni ameingiza video za kwaya yao. Ustadh Ridhaa, darasa zake zote tangu aanze kufundisha. Kodi ni chakula cha mchana. Masharti nimebandika ukutani: kuhama ni kwa notisi ya mwezi. Terabaiti nzima imejaa. Clifford ameuliza kama kwaya na ustadh hawatagombana usiku. Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni
Siku kuu! Clifford amekuja mwenyewe kuomba chumba cha filamu zake zote. Nikamwambia aniite landilodi mbele ya Selpher. Akaniita. Tamu kuliko pilau ya ustadh.
Jioni Mahira akauliza kama nimenakili harusi. Nikajaribu. Nafasi haitoshi: filamu za Clifford zimejaza terabaiti zote tatu zilizobaki. Nikampigia Clifford apunguze filamu kidogo. Akanikumbusha notisi ya mwezi.

Alhamisi, 6 Juni
Laptopu imezima. Fundi Mutinda ameifungua, akaitazama kama daktari, akasema, “Bosi, hii sasa ni ya kuzuia mlango.” Filamu za Clifford zi salama. Kwaya iko salama. Harusi yangu, basi.
Sikumwambia Mahira. Nilisifu mchuzi mpaka akanitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekiri. Kichwa chini, maneno machache. Mahira hakununa. Alitoa funguo zake mkobani. Kumbe kwenye kishikio kuna flashi, ndogo kama ukucha.
“Baba Sahar,” akasema, “Jumatatu ulipomtaja Clifford tu, nilijua. Ulipoenda kuoga nikanakili vitu vyako vyote.”
Tuliitazama harusi kwenye TV. Nyanya akapiga vigelegele. Mahira akavijibu. Jirani naye akavijibu huko kwake bila kujua harusi ni ya nani. Nilicheza mpaka soksi ikatoboka.

Jumamosi, 8 Juni
Clifford amehama bila notisi. Amenunua ya terabaiti nane! Selpher anamwita landilodi.
Nimeenda mjini kuulizia ya kumi na sita. Muuzaji akataka kujua nina nini cha kuweka. Nikamkabidhi flashi ya Mahira aipime, kwa fahari.
Nusu yake ni tupu.