Wiki Niliyompikia Mama Mkwe Kinoa

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo wangu una siku utaniponza. Siku yenyewe ni leo.

Mama mkwe atapasuliwa goti mwisho wa mwezi. Daktari kamwambia akitoka asikae peke yake, miezi mitatu. Ana mabinti wawili: mke wangu, na dada yake aliyeolewa na Kioo. Atakaa kwa nani? Hapo ndipo penye vita.

Kioo ni mwanyumba wangu, tumeoa nyumba moja. Yeye kachukua dada mtu, mimi mdogo mtu. Ana duka la vioo, na katika miaka yote hii sijawahi kumwona na vumbi. Hata soksi zake zina mikunjo ya pasi.

Mama kapiga simu jioni, Kioo akiwa kwake kumpelekea matunda (bila shaka!). Mama kasema redioni wametaja nafaka iitwayo kinoa, na kwamba yeye aliyepika kila kitu duniani hiyo hajaionja. Nikamsikia Kioo kwa nyuma akisema kwake kinoa hupikwa kila Jumamosi. Damu ikanichemka. Nikapaza sauti kwamba kwangu hupikwa kila Jumatano, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu alinitazama tu. Mimi ni mkaguzi wa ghala la nafaka, mwaka wa kumi na tisa huu, na kinoa sijaiona hata punje.

Mama akafurahi. Akasema basi Jumapili mchana tukutane kwangu sote tule kinoa, na baada ya kula atatuambia goti lake analipeleka wapi.

Wanaume wengine humkimbia mama mkwe. Mimi nikimwona najisikia mtu. Alipika shule ya bweni miaka thelathini na minne, watoto mia sita, na hakuna siku chakula kilichelewa. Nilipokwenda kuposa, wajomba walinihoji kazi yangu, ukoo wangu, na kama nakunywa. Yeye alitoka jikoni na upawa mkononi, akaniuliza swali moja: nimeshakula? Nilikuwa sijala. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane, na swali hilo nilikuwa sijaulizwa siku nyingi sana.

Lazima akae kwangu. Lazima!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kinoa. Inauzwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba, duka la pembeni karibu na posta.

Kulitokea jambo dogo. Bambo langu huwa natembea nalo. Ni kile chuma chenye ncha na mfereji, tunachochomea gunia ili nafaka kidogo itoke tuikague bila kulifungua. Mkono una mazoea yake. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaichoma pakiti. Kinoa ikamwagika sakafuni kama imetumwa. Mama wa miwani akasema pakiti iliyochomwa ni yangu. Nikachukua hiyo na mbili nyingine ili aone mimi si mtu wa kubabaishwa.

Nafaka yenyewe nzuri, sina budi kukiri. Punje ndogo, duara, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Hakuna mawe wala fukusi. Ningeipa daraja la kwanza.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, kaniuliza kama najua kuipika. Nimemjibu nafaka ni nafaka. Akasema kumjua ng'ombe si kujua kukamua. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza, kwa ile pakiti iliyochomwa.

Nyuma ya pakiti wameandika: osha vizuri kabla ya kupika. Nilicheka peke yangu. Mlangoni pa ghala letu kuna bango nililoandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MAJI NI ADUI WA NAFAKA. Nimewafukuza wapagazi kwa sababu ya ndoo moja tu ya maji! Leo nioshe nafaka kwa sababu ya pakiti?

Sikuosha.

Chungu! Chungu kama shubiri. Mke wangu akatafuna kidogo, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kwa upole kama sufuria niliisuuza baada ya kuipiga sabuni. Nikamwambia hiyo ndiyo ladha ya nguvu. Akarudi kusahihisha madaftari. Nikala sufuria nzima mwenyewe, kwa kujikaza. Mpaka naandika haya ulimi haujarudi kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeosha. Najishusha pale inapobidi.

Nikamimina pakiti ya pili kwenye bakuli, nikatia maji, nikasugua. Povu! Povu jeupe, linapanda kama la kufulia. Salaale! Kumbe ndiyo maana jana ilikuwa chungu. Nimeuziwa nafaka iliyochanganywa na sabuni ya unga!

Nikakinga povu kwenye chupa, nikaandika tarehe na saa, nikaenda dukani nimevaa kitambulisho. Wateja sita kwenye foleni. Nikasema yote, kwa sauti.

Mama wa miwani hakupandisha hata nyusi. Alifungua pakiti yake mwenyewe, akatia maji mbele yetu sote, akasugua. Povu lilelile. Akaeleza kwamba punje ya kinoa huja na ngozi yake chungu inayotoa povu, na ndiyo sababu imeandikwa kuoshwa. Kisha akauliza kama kusoma najua.

Foleni nzima ilicheka. Nikatikisa kichwa kama bosi, nikasema nilikuwa nampima, na amefaulu. Kusema kweli namsifu yule mama. Ningekuwa na mtu kama yeye ghalani ningelala usingizi. Nilitaka kununua pakiti ya akiba, akasema amebakiwa na ile aliyoilowesha, na mzigo mwingine unakuja Jumanne.

Nikarudi nyumbani kumalizia kuosha. Nilikuwa nimekuja na chekeche la ghalani, la kupitishia mahindi. Nikamimina kinoa juu yake, nikafungulia maji. Kinoa ikapita yote, ikaenda zake kwenye bomba la sinki.

Imebaki pakiti moja.

Ijumaa, 7 Machi

Kioo kaja ghalani kupima dirisha la ofisi lililovunjika. Shati jeupe, katikati ya vumbi la mtama, na likabaki jeupe! Mtu huyu kaumbwa na nini?

Kaniambia kinoa yake hutoka punje kwa punje, inang'aa, na mkewe, yaani shemeji yangu, hula mpaka anafunga macho. Nikamuuliza kwa ujanja huwa anatia vikombe vingapi vya maji. Akakohoa. Akatazama saa. Akasema hiyo ni siri ya familia, akaondoka bila kuandika vipimo vya dirisha.

Nimemhusudu. Anajua na hasemi. Mtu wa aina hiyo Mama atamkataaje? Nimeshindwa kula mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Niliamua kupika leo, ili kesho iwe kupasha tu. Mke wangu alikuwa kwenye mkutano wa wazazi. Nikaosha kwa mikono, maji mara tano, mpaka povu likaisha. Pakiti yote, kila kikombe cha kinoa kwa viwili vya maji, kama ilivyoandikwa. Nimeisoma mpaka mstari wa nne! Nikafunika. Harufu ikaja nzuri, kama ya karanga. Nikaanza kupiga mluzi.

Nikafunua.

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kila punje ilikuwa na kitu cheupe, chembamba, kimejikunja. Mabuu! Mia kwa mia! Miaka kumi na tisa nimetafuta mabuu kwenye magunia, siwezi kukosea. Sijapata kuona mzigo ulioharibika kiasi kile.

Nilifanya kama sheria inavyotaka. Nikajaza fomu: MZIGO UMEKATALIWA, SABABU: MABUU, HATUA: KUFUKIA. Nikaibandika kwenye mlango wa jiko. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikamwaga kinoa yote, nikanyunyizia jivu, nikashindilia kwa mguu.

Mke wangu karudi, nikampa habari kwa masikitiko. Akaokota pakiti tupu, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa tano. Akasoma kwa sauti: kinoa ikiiva, kiini cha punje hujitokeza kama kimkia cheupe. Akakaa sakafuni. Alicheka mpaka akavua viatu.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kusimama pale shimoni. Kinoa niliyoipatia, ya kwanza na ya mwisho, nimeizika kwa mikono yangu. Na Mama anakuja kesho.

Jumapili, 9 Machi

Niliamka na wazo, na lilikuwa wazo zuri! Mchele wa chenga, uliochekechwa mara tatu zibaki punje ndogo kabisa, na manjano kidogo kwa ajili ya rangi. Mama hajawahi kuona kinoa. Atajuaje? Mke wangu kasema yeye hayumo. Hata kuweka meza alikataa.

Saa saba wakafika. Mama na fimbo yake, anapanda ngazi tatu za barazani mguu mmoja mmoja, hataki kushikwa. Kioo na shemeji nyuma yake, shati jeupe. Nikapakua.

Kioo akaonja wa kwanza. Akafumba macho. Akasema hii ndiyo kinoa hasa, ladha yake ileile ya kwake, ila yeye hupunguza maji. Shemeji akazama kwenye sahani yake, mabega yanatikisika.

Sikuamini masikio yangu. Kumbe! Mwongo mwenzangu! Kinoa hajawahi kuila hata yeye!

Mama alitafuna. Akatafuna tena. Akauliza kama hii ndiyo kinoa ninayopika kila Jumatano. Nikasema ndiyo, Mama. Akamgeukia Kioo, akauliza kama ndiyo hii ya kila Jumamosi. Kioo akasema ndiyo, Mama. Akasema ajabu, maana chenga za mchele amezipepeta miaka thelathini na minne, na hizi zinamsalimia kwa jina.

Kisha macho yake yakaenda nyuma yangu, kwenye mlango wa jiko. Fomu! Sikuibandua! Akasoma yote, mpaka sahihi. Akauliza kilichofukiwa ni nini.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo mwingine wa aina mbili tatu tayari. Lakini alinitazama kama siku ile ya upawa, nikasema yote: bambo, povu, chekeche, mabuu, shimo. Nikasema nilitaka akae kwangu. Hata kuandika naona aibu.

Mama alicheka huku kashika goti. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti ya kinoa. Kasema mpishi haendi kula kwa watu bila akiba. Aliinunua Jumatatu ileile, ya mwisho rafuni katika duka la mtaani kwake.

Akaenda jikoni, nikamfuata kumwekea kiti, akakikataa. Sijaona kazi kama ile. Aliosha kwa viganja, bila haraka, maji baada ya maji, anayaonja kwa ncha ya kidole ajue uchungu umekwisha. Hakutumia chekeche. Alitandika kitambaa juu ya bakuli. Akaikaanga kavu kidogo kwanza, anasikiliza. Anasikiliza sufuria! Sauti ilipobadilika akatia maji. Hakupima kwa kikombe. Alipozima moto aliweka taulo chini ya kifuniko, akatukataza kugusa. Halafu akaichambua kwa uma, nyepesi, kila punje na kimkia chake. Akaninyooshea moja. Akasema, "Huyu ndiye buu wako, mwanangu. Akitoka, chakula kimeiva."

Tukala mpaka sufuria ikalia. Kioo aliongeza mara tatu. Tone la mchuzi likamdondokea kwenye shati, na hakulifuta. Nikampenda kidogo.

Mama alipomaliza akasema neno lake. Kwa Kioo kuna mpishi na mfanyakazi, yeye atakwenda kukaa kama pambo. Hapa kuna mtu anazika chakula kizima. Atakuja hapa, maana nyumba hii haiwezi kuachwa peke yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, karibu na shimo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari usiku kucha, na jambo limenidhihirikia: mpango wangu umefaulu. Kila hatua! Bila bambo, bila povu, bila fomu, Mama asingekuja kukaa kwetu. Ghalani nimewaeleza jinsi nilivyopanga yote. Mke wangu nilipomweleza alitoka chumbani.

Mama kapiga simu asubuhi kuulizia chumba. Katika mazungumzo akasema kuna kitu kingine hajawahi kukila, uyoga wa kuoteshwa ndani ya nyumba. Nikamwambia kwangu upo, chini ya kitanda, naulima mwenyewe mwaka wa tatu huu. Akasema sawa mwanangu, ataukuta.

Nina wiki tatu. Mbegu nimeshaagiza. Kuna karatasi ya maelezo, inasema kila siku unyunyiziwe maji. Nimecheka peke yangu.